Vitenge vya Arusha: nilipe ushuru Namanga ama nipitishe na pikipiki kama wengine?

Mama Lesso wa Kayole aliuliza:

Habari za jioni wadau, naomba mnivumilie juu maneno ni mengi kidogo. Niko na kibanda huku Kayole nauza vitenge, leso na viatu vya wazi vya akina mama, mzigo nimekuwa nikitoa Gikomba na Eastleigh lakini bei ya jumla imepanda mpaka faida inabaki ya unga na sukuma tu, kodi ya kibanda unaitafuta kwingine. Sasa kuna dada tunaabudu naye kanisa moja, yeye hutoa vitenge Arusha na anasema hata ukitoa nauli na chakula na pa kulala bado kuna kitu kinabaki kwa kila pisi, na ukweli vitenge vyake nimevishika kwa mkono, ni vizito na rangi haitoki.

Shida yangu ni hii. Nikimuuliza ushuru analipa ngapi anacheka tu. Anasema mama wewe acha kujisumbua, kuna vijana wa pikipiki wanavukisha mzigo na njia za panya, wewe unapita ofisini na kibeti chako kama msafiri mwingine yeyote, unagongewa muhuri, mnakutana na mzigo wako huku mbele upande wa Kenya. Ati kila mtu anafanya hivyo na anayelipa ni mgeni wa biashara. Mwingine naye ananiambia siku hizi ni Jumuiya ya Afrika Mashariki hakuna ushuru kabisa, hayo ni mambo ya zamani, niingie na mzigo wangu kichwa juu. Wa tatu ni shemeji yangu dereva, yeye anasema nigawie abiria wenzangu kwa basi, kila mtu ashike pisi mbili tatu, tukishavuka nazikusanya.

Binamu yangu alijaribu hiyo ya vijana kwa mpaka mwingine sitautaja, mzigo ukalala kwa nyumba ya mtu hamjui, asubuhi akaambiwa umeshikwa, na hadi leo hajui kama ulishikwa kweli ama waligawana. Hakuwa na pa kuuliza, utaenda kuuliza nani? Hiyo ndio inanitia baridi.

Kwa hivyo nauliza wanaojua, kati ya hao watatu nani anasema ukweli? Na kama ni kulipa, mzigo wa kama elfu arobaini hivi unalipiwa ngapi, ama nitafika Nairobi nimebaki na gunia tupu?

Msee wa Dago alijibu:

Tafuta mmoja wa wale walemavu wa Busia wa baiskeli ya magurudumu matatu akuvukishie 😂 hao hawaguswangi. Ama uvae vitenge vyote uje umenenepa, afisa akikuona anakupea kiti.

Nyakio wa Mizigo alijibu:

Mama Lesso usimsikize huyo hapo juu. Mimi Namanga nimepita miaka mingi na nimebeba kila aina ya mzigo kwa hivyo nitakwambia vile iko.

Nianze na shemeji yako. Hiyo ya kugawia abiria ni ya kitambo sana na maafisa wanaijua kukuliko. Basi likifika mnashuka wote na mizigo yenu, mnaingia jengo moja, foleni ya uhamiaji, halafu meza ya forodha. Sasa afisa anafungua begi ya mzee wa kwanza anapata vitenge viwili vipya, bado vimekunjwa vile vilitoka dukani. Anafungua ya kijana wa chuo anapata vitatu, maua ni yale yale. Mama wa tatu hivyo hivyo. Hata hapandishi sauti, anamuuliza tu yule kijana "hizi ni za nani?" na kijana anakuangalia. Ukiona hivyo basi lote linakuangalia, na dereva nje anapiga honi juu mnamchelewesha.

Viatu ndio vibaya zaidi. Ukiwa na pea nne za muundo mmoja, 37, 38, 39 na 40, hakuna vile utasema ni zako. Afisa anazigeuza anasoma namba chini ya soli, anazipanga mezani kwa mstari, na hapo hakuna mjadala tena, ni biashara. Nguo za kuvaa na zawadi ya mtu mmoja wawili hakuna atakusumbua, shida inaanza vitu vikianza kufanana.

Na usisahau ukianza kupea watu mizigo, na wao watakupea. Dada nishikie hii kifurushi namalizia foleni. Ndani kuna nini wewe hujui, kama ni bangi ama ile spiriti ya kutengeneza pombe, imepatikana mkononi mwako na mwenyewe ameshaingia choo. Mimi pale hata chupa ya maji ya mtu sishiki.

Sasa wa pikipiki. Watu husema ni rahisi juu wanahesabu pesa ya kijana mmoja. Hebu hesabu wote. Kuna wa kutoa mzigo stendi upande wa Tanzania, kuna mwenye nyumba ya kulaza, kuna mwenye pikipiki, kuna mwingine ametangulia na simu anaangalia kama njia iko wazi na huyo pia anakula hapo, kuna wa kupokea huku. Njia ikifungwa usiku mmoja mzigo unalala tena na unalipia tena. Na ukishauona haujamaliza, kutoka Namanga hadi hapa town ni kama kilomita 160 na barabarani kuna vizuizi, yeyote akikuuliza karatasi ya ushuru huna, kwa hivyo kila kizuizi ni mazungumzo mapya na wewe ndio unaongea ukiwa chini. Mwisho wa siku umetoa pesa karibu sawa na aliyelipa ushuru lakini huna hata kipande cha risiti. Rafiki yangu mzigo wake ulifika salama kabisa, hakuna kilichoibiwa, lakini pisi za juu zilikuwa zimenywa mafuta ya pikipiki kwa upindo, utauzia nani kitenge kinanuka petroli?

Kitu kingine hao vijana wanajuana na kila mtu. Serikali hulipa watu wanaotoa habari za magendo, hiyo si siri. Anayebeba mzigo wako leo usiku anajua rangi ya gunia na saa ya kupita, na siku mkikosana bei…

Huyo wa pili wa Jumuiya ndio ako nusu sawa, wacha wanaojua sheria waeleze.

Karani wa Makaratasi alijibu:

Nafanya kazi kwa wakala wa kutoa mizigo hapa Nairobi, kwa hivyo haya ndio mambo yangu ya kila siku.

Mama Lesso shika hii moja: forodha haiangalii ulinunua wapi, inaangalia kimetengenezwa wapi. Umoja wa forodha wa Afrika Mashariki ulianza kazi 1 Januari 2005, na bidhaa iliyotengenezwa ndani ya nchi za Jumuiya, ikiwa na cheti cha uasili, ile karatasi ya kuonyesha imetengenezwa wapi, haitozwi ushuru wa forodha ikivuka. Huyo rafiki yako wa "hakuna ushuru" alisikia sehemu hiyo akatoka mkutano kabla haijaisha. Kitenge kilichotoka China kikashukia bandari ya Dar, kikauzwa Kariakoo, kikapanda basi hadi Arusha, bado ni cha China. Na hata kama mwenye duka alilipa ushuru wake wote pale Dar, hiyo ililipwa Tanzania, haikufuati. Ukivuka nacho Kenya inahesabu upya kana kwamba kimeshuka melini Mombasa. Wafanyabiashara wamelia na hii kitu miaka mingi, wanasema ni kutozwa mara mbili na mimi naona wana haki, lakini ndio hali ilivyo.

Sasa hesabu uliyouliza. Tangu Julai 2022 Jumuiya iko na daraja la nne la ushuru la asilimia 35, nguo na vitambaa vingi viliingizwa hapo, na vitenge hasa vimekuwa kwa orodha ya bidhaa nyeti kwa hivyo usitegemee vipungue hapo. Tuchukue hiyo 35 tu kama mfano. Elfu 40 yako, ushuru ni 14,000. VAT ya asilimia 16 haipigwi kwa 40, inapigwa kwa 40 pamoja na ushuru, yaani 54,000, hiyo ni 8,640. Ongeza ada mbili, ile ya IDF, yaani ya kutangaza mzigo unaoingiza, asilimia 2.5 na ya reli asilimia 2, hiyo ni 1,800. Jumla 24,440. Ndio maana dada wa kanisa anacheka ukimuuliza.

Sasa chukua kitenge kilichotengenezwa Tanzania kweli kweli na kina cheti. Ushuru sufuri, ada hizo mbili hazipo, inabaki VAT peke yake, 6,400. Unaona tofauti? Ni zaidi ya elfu 18 kwa mzigo ule ule wa elfu 40, na yote imekaa kwa swali moja la nani alifuma na kuchapa.

Na hapo ndio watu wadogo wamewekewa njia yao ambayo wengi hawaijui. Inaitwa utaratibu rahisi wa biashara. Kama mzigo wako hauzidi thamani ya dola 2,000, ambayo ni kama laki mbili na nusu za Kenya, na bidhaa iko kwa orodha iliyokubaliwa, unajaziwa cheti rahisi cha uasili pale pale mpakani na forodha ya nchi unayotoka. Cheti ni bure. Hauhitaji wakala (bosi wangu asione hii). Ukisikia mtu anakuitisha pesa ya cheti, huyo anauza kitu si chake.

Kuhusu njia za panya, sheria ya forodha ya Jumuiya ya 2004 inasema ukipatikana na hatia ya magendo ni kifungo hadi miaka 5 ama faini ya asilimia 50 ya thamani ya mzigo ama zote mbili, na mzigo wenyewe unaenda. Chombo kilichobeba pia kinaweza kuchukuliwa, ndio maana yule kijana wa pikipiki akiona taa mbele anatupa gunia lako kwa kichaka anaokoa pikipiki. Simlaumu, pikipiki ni ya mkopo.

Mama Lesso wa Kayole alijibu:

Jamani 24,000 kwa 40,000 😳 si hiyo ni kufanyia serikali kazi. Asante Karani. Lakini sasa afisa atajuaje cha wapi ni cha wapi? Mimi mwenyewe na miaka yote kwa biashara kuna vingine siwezi tofautisha.

Karani wa Makaratasi alijibu:

Havuti karatasi yako kwanza, anavuta kitambaa. Kitenge kina ukingo mweupe mwembamba pembeni ambao kiwanda huchapa jina na mara nyingi nchi. Anakikunjua kidogo mezani, anapitisha kidole hapo pembeni anasoma, anaangalia kama kinafanana na risiti yako. Kuna wajanja hukata huo ukingo kabla ya kuvuka. Afisa akipata pisi ishirini zote zimekatwa ukingo hata hahitaji kusoma tena. Na kuna viwanda vya nje vinaandika majina yanayofanana na ya huku, kwa hivyo ukingo peke yake pia si ushahidi wa kutosha, risiti ya mahali ulinunua na jina la kiwanda ndio inakusaidia.

Chalii wa R alijibu:

Dada habari za saa hizi. Mimi ni mtu wa Arusha, nipo South B kikazi, nimeusoma huu uzi wote nimecheka sana, kwa sababu kule nyumbani na sisi tunaambiana hivyo hivyo tukitaka kuleta vitu kutoka Nairobi.

Niongezee kwenye hilo la risiti. Kwa Tanzania mwenye duka anatakiwa akupe risiti ya mashine, ile ya EFD, siyo karatasi aliyoandika kwa peni. Idai kabla hujatoa hela, ukishalipa atakuambia mashine haina mtandao. Hakikisha imeandikwa vitenge na idadi, siyo "bidhaa mbalimbali", maana ukifika mpakani na risiti ya bidhaa mbalimbali hujasema kitu. Halafu madukani usiulize tu "hiki ni cha wapi", muuzaji atakujibu unachotaka kusikia. Muulize "nionyeshe cha kiwanda cha hapa na cha nje nilinganishe", akikuwekea vyote viwili mezani utaona mwenyewe, bei hailingani na uzito haulingani. Vingi vinavyokwenda Nairobi kwa bei ya chini ni vya China, nisikudanganye, na huyo dada wa kanisani nadhani ndivyo anavyobeba.

Ila wadau wa Kenya msione kwamba mpaka unawabana nyie tu. Mwaka 2017 pale pale Namanga serikali yetu ilichoma moto vifaranga 6,400 vilivyotoka Kenya, wakasema ni kuzuia mafua ya ndege. Vifaranga! Mwenye mzigo alikuwa mfanyabiashara wa kawaida tu. Na nyie Machi 2021 mkakataa mahindi yetu na ya Uganda kwa sababu ya sumukuvu, malori yakapanga foleni mpakani, baada ya siku chache mkayaruhusu kwa masharti. Kwa hiyo dada ukija kuona vitenge ni vigumu ukasema uhamie vitunguu au machungwa, ambayo ushuru hayana kwa kuwa ni ya shambani kwetu, jua kule kuna mlango mwingine, wa afya ya mimea. Cheti cha uasili hakikupitishi huo mlango.

Mzee wa Jericho alijibu:

Vijana wangu, hamjambo. Nataka kwanza nimrudie huyu wa Dago na baiskeli zake. Wale walemavu wa Busia si kichekesho. Ni watu waliojiajiri kwa miaka mingi wakati hakuna aliyewapa kazi, baiskeli zile zina sanduku chini ya kiti na mzigo unaingia mwingi, na ni kweli maafisa wengi waliwaachilia wapite kwa kuwaonea huruma, basi matajiri wenye miguu miwili mizima wakaanza kuwatumia. Aliyenona ni nani? Siye aliyekuwa anazungusha pedali kwa mkono.

Na haya mambo ni ya zamani kuliko nyote mnaoandika hapa. Mwaka 1975 baridi kali iliua mibuni Brazil, bei ya kahawa duniani ikapaa, na Uganda ya Amin mkulima alikuwa analipwa pesa isiyonunua chumvi. Mnafikiri kahawa ile ilienda wapi? Ilivuka Mlima Elgon usiku, kwa punda na kwa vichwa vya watu, ikashukia Chepkube upande wa Kenya. Soko lile 1976 na 1977 lilitajirisha watu ambao juzi walikuwa hawana viatu, na kahawa ya jirani ikasafiri hadi Mombasa ikiitwa ya Kenya. Huyo Karani wa makaratasi atuambie cheti cha uasili kilikuwa wapi wakati ule.

Halafu Februari 1977 Tanzania ikafunga mpaka na Kenya kabisa, Jumuiya ya kwanza ikafa mwaka huo huo. Hadi 1983 ndio ukafunguliwa tena. Miaka yote hiyo Wamasai pale Namanga waliendelea kwenda kwa wajomba zao upande wa pili na ng'ombe wao, mpaka ulifungwa kwenye redio.

Kwa hiyo binti yangu mimi sikwambii uvunje sheria, lakini usikubali pia mtu akufanye ujione mhalifu kwa sababu ya pisi ishirini za kitenge. Bei zikitofautiana pande mbili za mstari mtu atavuka tu. Sukari inaingia nchi hii kwa malori na hakuna anayeisoma ukingo, mama wa kibanda ndiye anapangiwa viatu mezani.

Karani wa Makaratasi alijibu:

Mzee shikamoo. Kahawa ya Chepkube nimeisikia kwa baba, na sikatai kwamba mkubwa anapita mahali mdogo anakwama. Lakini hapo kwa "mtu atavuka tu" tutakosana kidogo kwa heshima. Huyu mama hana lori, hana mtu wa kumpigia simu akishikwa. Mwenye malori ya sukari mzigo mmoja ukishikwa ana mingine minne njiani, Mama Lesso elfu 40 ikienda kibanda kimefungwa. Mimi sitetei serikali, natetea elfu 40.

Mzee wa Jericho alijibu:

Marahaba. Hapo nimekusikia.

Nyakio wa Mizigo alijibu:

Mzee asante kwa historia, lakini tumsaidie huyu mama na mambo ya wiki hii.

Kitu watu husahau ni kufunga mzigo. Usifungiwe na mifuko ya nailoni ya kubeba. Kenya ilipiga marufuku hiyo mifuko 28 Agosti 2017 na faini ni milioni 2 hadi 4 ama jela, Tanzania nao wakafuata 1 Juni 2019, kwa hivyo hata huko Arusha duka zuri haliwezi kukupea. Nunua gunia la sandarusi, vitenge vikunje vya aina moja pamoja na risiti yake iwe juu, sio chini kabisa ndani ya sidiria. Afisa akifungua aone umepanga, kazi inaenda haraka sana ukilinganisha na mtu ambaye anatoa vitu kimoja kimoja akitetemeka.

Pili, siku hizi Namanga ni kituo kimoja, kilifunguliwa rasmi 2018. Kuenda unahudumiwa jengo la upande wa Tanzania, nchi zote mbili ziko ndani, kurudi ni jengo la upande wa Kenya hivyo hivyo. Sasa ukirudi kuna vijana watakushika mkono hapo nje kabla hujaingia, "mama mzigo nikusaidie, mimi najua afisa wa leo". Wengine hata wamevaa kitambulisho shingoni. Wewe pita moja kwa moja na gunia lako hadi kwa dawati, useme niko na bidhaa za kuuza, zimetengenezwa Tanzania, naomba nionyeshwe utaratibu wa wafanyabiashara wadogo. Mtu akitangulia kusema mwenyewe anaongeleshwa tofauti na aliyefunguliwa begi, hiyo nimeiona kwa macho.

Na ukilipa, lipa kwa njia yenye namba ya malipo, usipeane noti mkononi hata kama foleni ni ndefu. Hiyo risiti kaa nayo hadi Kayole, hata siku kanjo ama mtu mwingine akija kibandani akiuliza mzigo umetoka wapi uko nayo.

Msee wa Dago alijibu:

Mzee nisamehe hiyo ya Busia ilikuwa mzaha. Lakini swali serious: je akinunua vitenge vya China Arusha, ashonewe magauni huko huko, si sasa ni magauni ya Tanzania? Hapo amepiga hiyo 24,000 chenga.

Karani wa Makaratasi alijibu:

Si swali baya hilo. Jumuiya iko na kanuni za uasili za 2015 na kila aina ya bidhaa ina kipimo chake, kwa zingine vitu vya nje vikipita asilimia 70 ya bei ya kiwandani imeanguka, kwa nguo inaangaliwa kazi gani hasa imefanywa na wapi. Lakini fundi wa barazani aliyekushonea magauni thelathini hana leja, hana risiti ya kitambaa, hana chochote cha kuonyesha afisa, kwa hivyo hata kama kanuni ingekukubali hauna cha kuithibitisha. Mwenye kiwanda kidogo kilichosajiliwa, huyo mnaweza kuongea. Ushauri wangu aanze na pisi chache za kiwanda cha Tanzania, aone kama wateja wa Kayole watakubali bei, viatu aendelee kutoa Gikomba. Viatu vya Arusha vya jumla karibu vyote ni vya nje, hapo hakuna hesabu itakubali.

Mama Lesso wa Kayole alijibu:

Nimesoma yote na nimemsomea mzee wangu pia, amesema hiyo ya pikipiki tusiitaje tena kwa nyumba. Viatu nimeacha. Nitaenda na pesa ya pisi chache tu za kiwanda cha huko nione soko, dada wa kanisa nimemwambia akacheka tena, sawa. Sasa swali la mwisho kabisa jamani msichoke, mimi sina pasipoti, si nitapita na kitambulisho tu?

Chalii wa R alijibu:

Kitambulisho ni cha kwendea Uganda na Rwanda dada, Tanzania hatujaingia kwenye huo mpango. Omba kibali cha muda cha kusafiria huko eCitizen kabla hujakata tiketi, na beba kadi ya chanjo ya homa ya manjano, wataiulizia. Hela ya kununulia ubadilishe kwenye duka la fedha lenye leseni, wale wa pale barabarani wenye vitita mkononi waache na vitita vyao. Ukifika mjini asubuhi mapema anzia maduka ya vitambaa karibu na Soko Kuu, na usiulize bei kwa lafudhi hiyo ya Kayole peke yako, nenda na mtu wa hapo.